MATARISHI WA DAMU NA DAWA ZA MIFUGO YETU

Katika mji wa Kigoma, na Ujiji, na hata huko Kasulu na Buhigwe, wako wafanyakazi wengi ambao akiba yao haimo benki. Imesimama zizini nyuma ya nyumba, inatafuna majani. Ng'ombe mmoja wa maziwa, au mbuzi wanne watano, ndiyo ada ya shule, ndiyo matibabu ya mtoto, ndiyo nauli ya treni siku msiba unapotokea Tabora. Kwa hiyo mnyama huyo anapokataa kushika mimba, au anapozuia maziwa, au anapotupa mimba ya miezi saba bila sababu inayoonekana, hasara hiyo si ya zizi peke yake. Nyumba nzima imepinduliwa hesabu zake.

Siku hizi, mambo hayo yanapotokea, mwenye mnyama huenda dukani. Huko hukuta chupa ndogo ndogo zimepangwa kwenye rafu, zote zina vifuniko vya mpira, zote zina maandishi madogo, na muuzaji aliye mwepesi wa ulimi humwambia kwamba hii ndiyo inayofaa. Sasa, ndugu msomaji, baadhi ya chupa hizo si dawa za kuua vijidudu hata kidogo. Zimebeba maneno ambayo mwili wa mnyama hujisemea wenyewe usiku na mchana, yamenakiliwa na binadamu katika viwanda. Asiyejua tofauti ya chupa hizi na zile aweza kuiangamiza akiba yake kwa bomba moja la sindano. Twaona yafaa leo tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, maana ni elimu ambayo kwa muda mrefu imekaa vyuoni na haijashuka zizini.

Kila ofisi ina tarishi. Mkubwa huandika barua, tarishi huichukua, hupita nayo katika vyumba vyote, lakini hamwachii ila yule mwenye jina lililo juu ya bahasha. Homoni ni tarishi wa namna hiyo. Tezi moja hutoa kitu kidogo mno, pengine sehemu ya bilioni moja ya gramu katika kila mililita ya damu. Damu hukizungusha mwili mzima. Lakini chembe zinazokitii ni zile tu zenye kipokezi chake, mfano wa kitasa kilichochongwa kwa ufunguo mmoja. Chembe nyingine zote hukiacha kipite. Na dawa nyingi za hospitali na za mifugo hufanya kazi katika vitasa hivyo hivyo. Ziko zinazoiga ufunguo na kufungua mlango. Ziko zinazoingia katika tundu la kitasa na kukaa humo, ufunguo wa kweli usipate nafasi: ndivyo atropini inavyomwokoa ng'ombe aliyedhuriwa na baadhi ya dawa kali za kuogeshea kupe. Mwenye kuyashika maneno haya mawili, kufungua na kuziba, ameshika nusu ya somo la dawa.

Somo la homoni lenyewe twaweza kulianzia pwani yetu. Katika maji mafupi ya Ziwa Tanganyika, kwenye matope na mchanga karibu na midomo ya mito, anaishi samaki mdogo wa jamaa ya ngege na kuhe. Ni mdogo hata mvuvi wa migebuka hamhesabu. Wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1894 na Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa London, kwa kumheshimu Richard Burton, yule Mwingereza aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858 pamoja na John Speke. Watoto wa Ujiji walikuwa wakimvua samaki huyo karne nyingi kabla Burton hajazaliwa, wala Burton mwenyewe hakukaa sana. Lakini hivyo ndivyo majina ya vitabuni yalivyogawanywa katika siku zile, na samaki hana malalamiko.

Samaki huyu amekuwa mashuhuri duniani kuliko kuhe mwenyewe, na sababu yake ni tabia ya madume. Madume wachache hushika kila mmoja eneo lake chini ya maji, huchimba shimo mchangani, huvaa rangi kali ya manjano au ya buluu pamoja na mstari mweusi unaokata jichoni, na humfukuza kila mpitaji. Hao ndio wanaozaa. Waliosalia, ambao ndio wengi, hawana eneo. Wamefifia kama mchanga, hufuatana na majike, na mapumbu yao ni madogo, hayafanyi kazi. Majike kwa upande wao huyabeba mayai kinywani muda wa wiki mbili hivi, wala hawali vizuri mpaka watoto watoke.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Russell Fernald, aliwatazama samaki hawa katika ziwa lenyewe, upande wa Burundi, kisha akaendelea nao katika matangi kwa miongo kadhaa, hasa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye na wenzake walitaka kujua: dume mnyonge, mkubwa wake anapoondolewa, hujuaje kwamba zamu yake imefika? Jibu ni la kustaajabisha. Katika dakika chache mstari mweusi hutokea jichoni na rangi huanza kuwaka. Na ndani ya ubongo, katika sehemu ndogo iliyo chini, ziko chembe zinazotengeneza homoni moja ambayo Waingereza huiita kwa kifupi GnRH. Siku chache baadaye chembe hizo huvimba. Walipozipima, walikuta za dume mwenye eneo zaweza kufikia mara nane ya ukubwa wa zile za dume mnyonge. Akishindwa na kunyang'anywa eneo, chembe hurudi kuwa ndogo, lakini polepole kuliko zilivyokua. Kana kwamba mwili haukati tamaa upesi.

Yafaa tutue hapa kidogo. Hakuna aliyemchoma samaki yule sindano. Aliona tu kwa macho yake kwamba eneo ni tupu, na jambo aliloliona likageuka kuwa tarishi, tarishi akashuka katika tezi iliyo chini ya ubongo, tezi ile ikatuma matarishi wengine katika damu mpaka kwenye mapumbu, na mapumbu yakaamka. Ni mlolongo wa amri wenye ngazi tatu, na ngazi hizo tatu zimo vile vile katika ng'ombe, katika mbuzi, katika mbwa na katika sisi wenyewe.

Tena si ngazi tu zilizofanana. Barua yenyewe karibu ni moja. GnRH ni mnyororo wa asidi amino kumi, na ile ya samaki wetu inatofautiana na ya ng'ombe katika kiungo kimoja tu, cha nane. Mnyororo wa wanyama wanyonyeshao ulifumbuliwa mwaka 1971 na makundi mawili yaliyokuwa yakishindana bila huruma: la Andrew Schally aliyetumia bongo za nguruwe, na la Roger Guillemin aliyetumia bongo za kondoo, zilizokusanywa machinjioni kwa mamia ya maelfu ili kupata punje ya unga wa kuchunguza. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na bibi Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo kidogo namna hiyo katika damu. Baada ya hapo viwanda viliweza kuutengeneza mnyororo ule bila kuchinja mnyama, na ndivyo ulivyofika katika chupa ya daktari wa mifugo.

Sasa tuje zizini. Ng'ombe jike asiye na mimba huingia katika joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima; kwa ng'ombe wetu wa asili mara nyingi huja usiku na kwisha kabla mwenyewe hajaamka. Anayetegemea dume wa jirani hadhuriki sana, kwa kuwa dume halali. Lakini anayetaka mbegu bora kwa njia ya uhimilishaji, mbegu za kituo cha taifa kilichoko Usa River mkoani Arusha, zinazohifadhiwa katika hewa ya naitrojeni iliyofanywa maji kwa baridi kali, huyo akikosa saa amekosa mwezi. Na Kigoma na Usa River ni pembe mbili za nchi.

Ndipo homoni zinapofaa. Mwaka 1995 wataalamu wa Wisconsin huko Marekani walitangaza utaratibu ambao leo unatumika duniani kote. Siku ya kwanza ng'ombe hupewa GnRH. Baada ya siku saba hupewa homoni nyingine, prostaglandini, ambayo kazi yake ni kuivunja tezi ya manjano katika kokwa la mayai. Tezi hiyo ndiyo inayolizuia joto lisije. Siku mbili baadaye hupewa GnRH mara ya pili, ili yai lishuke kwa saa inayojulikana. Kesho yake mhimilishaji huja na kazi yake, bila kukesha akisubiri dalili. Ng'ombe kumi wa kijiji kimoja waweza kuhimilishwa asubuhi moja, na pikipiki ya mhimilishaji ikaenda safari moja badala ya kumi.

Hata hivyo hatutaki mtu adanganywe. Ng'ombe aliyezaa karibuni, ananyonyesha, na mbavu zake zahesabika kwa mbali, haingii katika joto kwa sababu ubongo wake wenyewe umezuia GnRH. Umepima chakula kilichopo ukaona hakitoshi kulea mimba nyingine. Yeye ni kama yule dume mnyonge wa ziwani: hana eneo. Kumchoma sindano tatu za gharama mnyama wa namna hiyo ni kutuma barua katika nyumba isiyo na mtu. Sindano haiwi majani. Pumba, majani ya mgomba yakichanganywa na malisho bora, maji ya kutosha, na dawa ya minyoo kwa wakati wake, hivyo hutangulia, chupa hufuata.

Liko na jambo jingine katika homoni hii ambalo ni msingi wa elimu ya dawa, na ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakashangaa. Ubongo hautoi GnRH kwa mfululizo. Hupiga hodi, hunyamaza, hupiga tena. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake, kwa majaribio ya nyani, walionyesha kwamba homoni ikitolewa mara moja kwa saa tezi huitikia, bali ikimiminwa bila kukoma tezi huwa kiziwi na uzazi husimama. Dawa ile ile, mwili ule ule. Kilichobadilika ni mwendo tu. Kwa kanuni hiyo imetengenezwa dawa ya kuwekwa chini ya ngozi ya mbwa dume, ikitoka kidogo kidogo kwa miezi, na mbwa hazai kwa muda huo. Anayedhani kwamba dawa ikiongezwa ndipo nguvu inapoongezeka, na atafakari habari hiyo.

Tumeitaja prostaglandini. Hapa twasema kwa sauti, hasa kwa ndugu zetu wa kike, maana kazi ya zizi katika nyumba nyingi ni yao. Dawa hii hupenya ngozi ya binadamu. Mama mwenye mimba akimwagikiwa, au akijidunga kwa bahati mbaya wakati ng'ombe anaporuka, yeye mwenyewe aweza kupoteza mimba. Na mwenye pumu aweza kubanwa kifua vibaya. Asiishike kabisa mwenye mimba wala mwenye pumu. Yeyote mwingine avae glavu, na tone likidondoka ngozini aoshe mara moja kwa sabuni na maji. Maneno haya yameandikwa katika karatasi iliyo ndani ya boksi, kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni, na muuzaji mara nyingi amekwisha kuitupa karatasi. Kadhalika ng'ombe: aliye na mimba ambayo mwenyewe haijui akichomwa dawa hii, mimba hutoka. Tezi ya manjano iliyovunjwa ndiyo iliyokuwa ikiishikilia. Basi upimaji wa mimba hutangulia, wala si jambo la kukisia.

Hatari ya pili imejificha zaidi, kwa kuwa chupa yake haisemi lolote juu ya uzazi. Ni deksamethasoni. Hutolewa kwa uvimbe, kwa mzio, kwa mnyama aliyezorota, na hakika hutuliza. Mnyama huinuka, hula, na mwenyewe hufurahi. Lakini dawa hiyo ni mwigo wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Katika miaka ya 1960 Mont Liggins wa New Zealand, akichunguza kondoo, aligundua kwamba anayeamua siku ya kuzaliwa ni mtoto aliye tumboni: anapokomaa, tezi zake hutoa kotisoli, na hiyo ndiyo amri ya uchungu kuanza. Basi ng'ombe wa mimba kubwa akichomwa deksamethasoni kwa ajili ya mguu uliovimba, mwili wake husikia sauti ya ndama ambaye hajasema. Ndama huzaliwa kabla ya wakati, na kondo la nyuma mara nyingi hubaki ndani likaoza. Aidha dawa hii huushusha ulinzi wa mwili, na ugonjwa uliokuwa umelala ukaamka. (Liggins aligundua pia kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema kwa njia hiyo walikuwa na mapafu yanayopumua. Kutokana na hayo, mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitangaza tiba kwa binadamu, na hata leo mama anayetishiwa kujifungua kabla ya wakati huchomwa dawa ya jamii hiyo ili kuyaokoa mapafu ya mtoto. Dawa moja, mahali pake ikaponya.)

Ya tatu wakamuaji wanaijua bila kuijua. Ndama anapogusa chuchu, au mkono wa mkamuaji anayezoeleka unapoosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, ubongo hutoa oksitosini, na baada ya dakika moja hivi maziwa hushuka. Nguvu yake huisha kwa dakika chache. Mkamuaji mvivu huyaacha maziwa ndani. Na ng'ombe akipigwa, au akibwekewa na mbwa, adrenalini hutoka na kuizima kazi ile, hata kiwele kijae vipi. Henry Dale aliona nguvu ya kitu hiki mwaka 1906, na Vincent du Vigneaud alikitengeneza kwa mikono mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Tangu hapo kimewekwa katika chupa, na wako wanaokichoma kila asubuhi ili ng'ombe ashushe maziwa. Sisi hatuoni faida yake. Ng'ombe huzoea sindano akaacha kushusha bila hiyo, na mwenye ng'ombe amejitwika kodi ya kila siku kwa kazi iliyokuwa ikifanywa bure na maji ya moto na upole. Tena ole wake anayekichoma kwa ng'ombe anayezaa wakati mlango wa tumbo la uzazi haujafunguka au ndama amelala vibaya: tumbo hukaza juu ya mlango uliofungwa, na laweza kupasuka.

Tukipita, tuitaje chumvi. Tezi ya shingoni hutengeneza thairoksini, ambayo Edward Kendall aliitenga mwaka 1914, nayo haiwezi kutengenezwa bila aidini. Mbuzi asiyeipata huzaa watoto wenye uvimbe shingoni, wasio na manyoya, na wengi hufa. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimechemshwa na watu wa mkoa huu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na tangu miaka ya 1990 sheria imetaka chumvi ya kula itiwe aidini. Jiwe la chumvi la mifugo nalo liulizwe kama limetiwa, maana chumvi nyeupe haionyeshi kwa macho.

Limebaki suala la kipimo, na hapa wengi huumia kwa hesabu ndogo. Chukua dawa ya kuua vijidudu inayotakiwa miligramu 10 kwa kila kilo ya mnyama. Ng'ombe wa kilo 200 ahitaji miligramu 2,000. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 20; chupa ya asilimia 20, ambayo kwa sura ni ndugu yake pacha, ni mililita 10. Aliyezichanganya amempa mnyama maradufu au nusu. Nusu ndiyo mbaya kwa kijiji kizima, maana vijidudu visivyokufa hujifunza. Ndivyo ilivyotokea mahali pengi Afrika Mashariki kwa dawa za ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o, na mkoa wa Kigoma ni nchi ya mbung'o. Uzito usikisiwe, uko utepe wa kupimia kifua unaosomeka kilo.

Halafu mwili hauitupi dawa mara moja. Kila dawa ina muda wake wa kupungua hadi nusu, kisha nusu ya nusu: oksitosini kwa dakika, nyingine kwa siku, nyingine kwa wiki. Kwa hiyo chupa huandikwa siku za kungoja kabla maziwa hayajanywewa na nyama haijaliwa. Kuchemsha hakusaidii, moto huua vijidudu vya maziwani, lakini dawa nyingi haziharibiwi na sufuria ya nyumbani. Maziwa ya siku hizo yasiuzwe, yasipewe watoto, wala yasimwagwe katika mfereji uteremkao ziwani. Yafukiwe shambani, mbali na kisima, na tarehe ya sindano iandikwe kwa mkaa juu ya nguzo ya zizi ili anayekamua kesho aione.